Shajara ya Massey 35 ya silinda nne: joto linapotelea wapi?

Jumamosi, 3 Juni 2023

Leo tena Massey imewashwa kwa mnyororo. Jirani alileta Massey 135 yake, tukafunga, akaivuta kama mita mia kwenye njia ya kuelekea mtoni, nami nikaachia klachi. Ilikohoa, ikatema moshi mweupe mpaka nikashindwa kuliona lango, halafu silinda zikashika moja moja. Kuanzia hapo haikuwa na neno. Imelima hadi saa tisa alasiri, na nilipoizima ili tule, iliwaka tena kwa mguso mmoja wa stata. Taabu yake ni ya asubuhi, na asubuhi za Juni hapa Ol Kalou si za mchezo. Kipimajoto nilichotundika bandani kilisoma digrii 8.

Wote waliokuwepo walinipa shauri lile lile nililolisikia tangu babu akiwa hai: toa hiyo injini ya silinda nne, weka Perkins ya silinda tatu. Ni shauri la watu wanaoyajua matrekta, silidharau. Massey-Ferguson wenyewe walibadilisha hivyo kwenye 35 mwishoni mwa 1959. Lakini hii yetu ilitoka Banner Lane, Coventry, ikiwa na injini ya Standard 23C, na babu alilima nayo tangu mashamba ya walowezi yalipogawanywa miaka ya 1960. Kabla sijaitoa, nataka nijue kwa nini haiwaki.

Niiandike ilivyo, kwa faida ya atakayesoma akiwa na kama hii bandani. Trekta ya 35 ilitoka 1956 ikiitwa Ferguson FE35, bodi ya kijivu na injini ya rangi ya dhahabu. Nyekundu ilianza mwishoni mwa 1957. Yetu ni nyekundu. 23C ina silinda nne, kipenyo cha milimita 84.1, pistoni husafiri milimita 101.6, jumla lita 2.26, kompresheni 20 kwa 1 (hewa inabanwa hadi sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake), nguvu farasi 37. Jambo kubwa ni mahali dizeli inapochomewa. Hairushwi juu ya pistoni. Inarushwa ndani ya chemba ndogo iliyochimbwa kwenye hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), iliyounganishwa na silinda kwa koo jembamba. Pistoni ikipanda, sehemu kubwa ya hewa inasukumwa kupitia koo hilo, inaingia chemba ikizunguka kama kisulisuli, na dizeli inapulizwa katikati ya kisulisuli. Moto unaanzia humo, kisha unatoka kwa koo lile lile na kuisukuma pistoni.

135 ya jirani ina mpango mwingine kabisa, nami nitaurudia, kwa sababu kila asubuhi naiona ikiwaka huku yangu imelala.


Jumamosi, 10 Juni

Kupima kompresheni. Tulitoa nozeli (vipulizio vya dizeli) moja moja, tukafunga geji kwenye tundu lake, tukapiga stata. Silinda ya kwanza psi 290, ya pili 300, ya tatu 285, ya nne 225.

Fundi aliyekuja nami alitikisa kichwa. Yeye huikubali injini kama hii ikifika psi 400, akasema pete za pistoni zimekwisha zote, ni kufungua injini nzima na kubadilisha silivu, mirija ambamo pistoni husafiri. Nilikaribia kukubali. Usiku nikiwa kitandani ndipo nilipokumbuka kwamba hizo 400 alizizoea akiwa Mombasa, alikofanya kazi miaka mingi. Hapa tuko karibu mita 2,350 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ina kanieneo (mgandamizo) ya kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Injini inabana kile inachovuta, na huku inavuta hewa nyepesi. Robo tatu ya 400 ni 300. Kwa hiyo silinda tatu za kwanza ni nzima kwa mahali zilipo, na ya nne ndiyo mgonjwa.

Nimempigia simu asubuhi, naye alikiri mara moja. Aliniambia jambo ambalo ningependa kila mwenye trekta wa Nyandarua, Timau au Molo alijue: asikubali injini yake ihukumiwe kwa namba ya pwani.

Silinda ya nne tuliisukumia upepo wa kompresa kupitia tundu la nozeli, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa. Upepo ulisikika ukipiga mluzi kwenye ekzosi. Ni valvu ya kutolea moshi. Hedi lazima itoke.


Jumatano, 14 Juni

Kabla ya hedi, umeme. Kila chemba ina hita plagi yake, waya mnene uliojikunja ambao huwa mwekundu kabla ya kupiga stata. Kwenye injini hii plagi zote nne zimeungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kama kwenye Land Rover za zamani za dizeli. Maana yake ni kwamba moja ikikatika, zote zinapoa. Hakuna dalili ya nje. Unageuza swichi, unahesabu hadi thelathini, na kumbe unapasha hewa ya bandani.

Niliitafuta kwa taa ya majaribio. Umeme uliingia plagi ya kwanza, ukatoka. Ukaingia ya pili, ukaishia hapo. Kumbe kuna aliyewahi kutatua tatizo kama hilo kwa kuiruka plagi ya tatu: alipitisha kipande cha waya juu yake. Hapo plagi tatu zikagawana umeme uliokusudiwa kwa plagi nne, zikawaka kupita kiasi, na ya pili ikaungua kwa kazi hiyo ya ziada. Sijui ni lini. Huenda trekta hii imekuwa ikiwashwa bila joto lolote kwa miaka.

Pia nimepima betri wakati stata inazunguka. Ikiwa imetulia inasoma volti 12.5, ikizungusha inashuka hadi 8.4. Kebo ya arthi ilikuwa nyembamba kama ya redio, imefungwa juu ya rangi. Nimeweka kebo mpya nene na kukwangua chuma hadi kikang'aa. Sasa inashuka hadi 10.1 na sauti ya stata imebadilika kabisa.

Hili la mwendo wa stata lina uzito kuliko nilivyofikiri. Nimejiuliza kwa nini mnyororo unaiwasha na stata haiwezi. Mnyororo hauleti joto. Unaizungusha injini haraka, basi hewa iliyobanwa haipati nafasi ya kupoa ukutani wala kuvuja pembeni mwa pete.


Jumamosi, 24 Juni

Hedi imetoka. Stadi mbili (boliti ndefu za kuikaza) zilikataa, tukazimwagia dizeli na kuzipasha moto hadi zikaachia. Silivu za injini hii zimezungukwa na maji moja kwa moja, hivyo nilizifunga kwa vipande vya chuma ili zisiinuke mtu akigeuza krenki kwa bahati mbaya.

Niliigeuza hedi mezani, nikakaa nayo karibu saa mbili bila kushika spana. Nimeendesha trekta hii tangu nikiwa na miaka kumi na nne na sikuwahi kuuona moyo wake. Sehemu ya chini ya kila chemba ni kikombe cha chuma kilichopachikwa, na koo liko kwenye kikombe hicho. Kikombe kina kazi mbili. Kinaelekeza hewa ili izunguke, na injini ikishapata moto kinabaki na joto jingi kuliko hedi yenyewe, hivyo kila pumzi mpya ya hewa inapashwa kidogo ikipita. Harry Ricardo, mhandisi Mwingereza ambaye chemba zake za aina ya Comet zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1930, alilijali sana jambo hilo: sehemu ya chini ya chemba zake iligusana na hedi mahali pachache tu ili isipoteze joto lake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Massey yetu inawaka mchana kwa mguso mmoja. Kikombe bado kina joto la asubuhi.

Na ndiyo maana haiwaki alfajiri. Kikombe kilicholala kwenye baridi usiku kucha kinafanya kinyume. Hewa inapita kooni kwa kasi, na hewa inayokwenda kasi kwenye chuma baridi hupokonywa joto upesi, kama unavyopuliza uji upoe. Kinachofanya chemba hii iwe nzuri ikiwa moto ndicho kinachoifanya iwe ngumu ikiwa baridi.

Sasa niliyoyakuta. Masizi yalikuwa mengi kwenye chemba ya nne, valvu yake ya ekzosi imeungua ukingoni kama sarafu iliyoumwa. Kikombe cha pili kina ufa mfupi unaoanzia kooni. Lakini cha tatu ndicho kilichonihuzunisha. Koo lake lilikuwa limepanuliwa. Nililipima kwa venia, kipimo cha milimita na sehemu zake: matatu mengine yanalingana, hilo limezidi kwa milimita 2, na si duara tena. Alama za jiwe la kusagia bado zinaonekana. Mtu alifikiri kwamba injini itapumua vizuri zaidi.

Mpwa wangu aliuliza kuna ubaya gani, si hewa inapita kwa urahisi? Nilimchukulia mpira wa maji. Ukiacha mdomo wazi maji yanadondoka miguuni. Ukibana kwa kidole yanafika ukutani. Koo likipanuliwa kisulisuli kinalegea, dizeli haichanganyiki, na nozeli ya injini hii haina msaada wa kutoa. Ina tundu moja lenye ncha ya sindano katikati, inatoa koni moja ya ukungu. Kazi ya kuchanganya imeachiwa hewa.


Jumapili, 25 Juni, jioni

Hesabu za gasketi, kile kibapa kinachokaa kati ya hedi na injini. Ile iliyotoka ni nene kuliko mpya niliyonunua kwa nusu milimita. Nusu milimita inaonekana si kitu, lakini hesabu inasema hivi. Silinda moja inavuta sentimita za ujazo 565. Kwa kompresheni ya 20 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu, chemba pamoja na koo na kila mwanya, ni sentimita za ujazo 29.7 tu. Hiyo ni kama vijiko sita vya chai. Nusu milimita ya gasketi juu ya kipenyo kile inaongeza 2.8. Nafasi inakuwa 32.5, na kompresheni inaanguka hadi 18.4 kwa 1.

Nikajaribu kukadiria joto. Hewa ya digrii 8 ikibanwa mara 20 bila kupoteza chochote ingefika karibu digrii 650. Hakuna injini inayofanya hivyo kwa mwendo wa stata. Nikiweka hasara kubwa, ya injini baridi inayozunguka polepole, hesabu inaishia karibu 240, na hapo dizeli iko ukingoni mwa kuwaka au kutowaka. Kwa 18.4 inashuka tena digrii kama kumi, na kanieneo inapungua karibu sehemu moja ya kumi. Ukiwa ukingoni, kumi ni nyingi.

Kupanda mlimani kwenyewe hakupunguzi joto la kubana kwenye hesabu hii; uwiano ni ule ule. Ila hewa ikiwa nyepesi, kuta ni zile zile na kinachopashwa ni kidogo, kwa hiyo sehemu inayoibwa ni kubwa zaidi. Dizeli nayo huchelewa kushika moto kanieneo ikiwa ndogo. Huku kwetu injini hii inafanya mtihani mgumu kuliko ule iliotungiwa Coventry.

Kwa hiyo hakuna mkosaji mmoja. Plagi zilizokufa, kebo nyembamba, gasketi nene, koo lililopanuliwa, valvu inayovuja. Kila kimoja kimeiba digrii zake.


Ijumaa, 7 Julai

Nilikuwa Nakuru, karakana ya kuchonga injini. Valvu zote za ekzosi mpya, viti vimesagwa. Vikombe viwili nilivipata kwenye hedi kuukuu katika yadi ya vyuma, baada ya kuzunguka siku nzima; niliyapima makoo yake kabla ya kutoa pesa. Nilimsisitiza fundi kwamba vikombe vikae sawasawa na uso wa hedi. Kikichomoza kinaumwa na gasketi na kupasuka, kikizama moto unapita pembeni na kuula hedi. Alipitisha rula ya chuma na fila (vibati vya kupimia mwanya) mbele yangu, kwa kila kikombe, bila kunung'unika. Fundi wa namna hiyo nitamrudia.

Nozeli zimepimwa. Mbili zilikuwa zinadondosha badala ya kupuliza. Za aina hii hufunguka kwa bari mia na kitu tu, chini ya zile za injini za kurusha moja kwa moja, na hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowavutia wahandisi wa wakati ule: pampu haikazwi sana, tundu moja halizibi upesi kama manne madogo, na mlio wa injini unakuwa mpole.


Jumamosi, 15 Julai

Hedi imerudi, gasketi mpya ya unene unaostahili. Kazi ya siku moja. Stadi zimekazwa kwa hatua tatu kuanzia katikati kwenda nje.

Jirani alikuja na 135 yake kutazama, tukafungua kifuniko cha valvu na tukazungumza mpaka giza. Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, AD3.152, lita 2.5, kompresheni 18.5 kwa 1. Kompresheni hiyo ni ndogo kuliko yangu, na bado inawaka upesi kuliko yangu, jambo lililomshangaza mwenyewe. Sababu ni kwamba hedi yake haina chemba. Uso wake ni bapa, na mahali pa kuchomea ni bakuli lililochongwa kichwani mwa pistoni. Nozeli ya matundu kadhaa inarusha dizeli humo moja kwa moja. Hewa haipitishwi kwenye koo, haina kuta nyingi za kuigusa, basi haihitaji kubanwa sana ili iwe moto. Haina hata hita plagi ndani ya silinda. Ina kifaa kimoja tu cha kupasha hewa kwenye bomba la kuingilia. Fordson Major ya dizeli iliyotengenezwa Dagenham kuanzia 1952, lita 3.6, ilikwenda njia hiyo mapema, na wazee wa huku bado wanaisifu kwa kuwaka kwenye baridi.

Tena 135 inakula dizeli kidogo kwa kazi ile ile. Joto linaloibwa na kuta za chemba yangu, na nguvu inayotumika kusukuma hewa kooni kwenda na kurudi, vyote vimenunuliwa kwenye kituo cha mafuta. Sitamficha mtu hilo. Njia ya bakuli ndiyo iliyoshinda, na ilistahili. Lakini injini yangu haikukosewa. Ilitungwa na watu walioipa hewa kazi ya kuchanganya, na ikipewa joto inalostahili kabla ya kuwaka inafanya kazi hiyo vizuri.


Alhamisi, 20 Julai

Niliamka saa kumi na moja na nusu. Bandani digrii 7. Sikuwa nimeigusa tangu juzi, nilitaka iwe baridi kabisa.

Mtu mmoja alikuwa amekuja jana na kopo la etha la kupuliza kwenye kichungio cha hewa. Nilimshukuru, nikamwomba asilifungue karibu na trekta hii. Etha ikikutana na plagi nyekundu inawaka pistoni ikiwa bado inapanda, na kinachopasuka ni pete au pistoni yenyewe.

Niligeuza swichi, nikahesabu sekunde arobaini. Stata. Ilizunguka kwa nguvu, mizunguko sita au saba, moshi mweupe ukaanza, haikushika. Moyo ulinienda mbio. Nikarudisha kwenye joto sekunde ishirini nyingine, nikapiga tena. Silinda moja ikagonga, ya pili ikajiunga, na kabla sijaondoa mkono zote nne zilikuwa zinafanya kazi. Moshi mweupe uliendelea kama dakika moja na nusu, ukawa wa kijivu, ukaisha.

Mama alitoka jikoni na shali kichwani, akasimama mlangoni kwa muda mrefu. Akasema, "Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikilia baba yako alipokuwa kijana."


Jumamosi, 29 Julai

Asubuhi tisa, mara tisa imewaka bila mnyororo. Mara tatu ilihitaji joto la pili, zote zikiwa siku za chini ya digrii 8. Nimeandika kwa rangi kando ya swichi: sekunde 40, usipunguze.

Nimepima kompresheni upya: 310, 310, 305, 300.

Yaliyobaki: bomba la dizeli la silinda ya tatu linatoa jasho kwenye nati, na kizuizi cha umeme cha hita plagi kina moto kuliko ninavyopenda, nitakisogeza mbali na waya za taa. Halafu jembe. Jumatatu tunaanza kipande cha juu, na jirani ameniomba nimpitishie na lake, kwa kuwa 135 iko juu ya magogo ikisubiri klachi.